Kusoma Bila Kuangalia Kitabu

Mtoto wangu alisifiwa kwa kutoangalia kitabu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia watu hunikatiza, wakidhani ulimi umeniteleza. Haujateleza. Katika akademi moja kwenye barabara ya kwenda Mamboleo, ambayo ukuta wake umechorwa twiga na herufi zenye macho na viatu, binti yangu wa chekechea alibandikwa nyota kwenye paji la uso kwa sababu alisoma ukurasa mzima huku amewakodolea wageni macho. Wenzake walioinama kutafuta maneno waliambiwa wajiamini kama yeye. Na mimi mamake, mtu mzima na akili zangu, nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Sisi tunakaa Kaloleni, hapa Kisumu, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la mji. Wazazi wangu walishuka kutoka Vihiga kutafuta kazi, nikazaliwa hapo, na hapo ndipo nilipo. Nauza katika duka la dawa mjini. Mume wangu ni fundi wa matrekta ya miwa upande wa Muhoroni. Huja Jumamosi akinuka grisi, hurudi Jumapili. Mtoto ni huyo mmoja. Nyumbani anaongea Kiswahili, akitoka nje kucheza ni Kijaluo, na Kiingereza alikuwa anatuletea kutoka shuleni kwa vipande, leo wimbo, kesho salamu, na sisi tunapokea kila kipande kwa mikono miwili.

Kilichotupeleka kwenye akademi ile ni foniksi. Neno lenyewe lilipakwa langoni kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko jina la shule. Kwa asiyejua, foniksi ni hivi: mtoto haanzi na jina la herufi, anaanza na sauti yake. Hii anaambiwa ni "sss", ile ni "mmm", na akishazijua sauti anaziunganisha mpaka neno litoke. Ni kitu cha maana sana, na sina ugomvi nacho. Sisi wa zamani tulifundishwa kwa kubweka. Mwalimu anagonga ubao kwa fimbo, darasa zima linabweka ba be bi bo bu, na aliyekaa nyuma anabweka tu asije akachapwa, hajui ubaoni kuna nini. Basi niliposikia kuna njia ya kumfanya mtoto ajue kwa nini "ba" ni "ba", nikasema hapa ndipo.

Lakini wee! Foniksi iliyotufikia ilikuwa imepambwa kama bibi harusi. Kila sauti ina wimbo, na kila wimbo una mkono wake na kiuno chake. Mtoto akisema "sss" lazima mkono uende kama nyoka. Akisema "mmm" lazima asugue tumbo. Walimu wanavaa fulana za rangi moja. Kila Ijumaa, gari la shule kabla halijafika, simu za wazazi zinalia: video. Mtoto wa fulani akitoa sauti, mtoto wa fulani akicheza sauti, nasi tunajibu kwa vidole gumba na vile vikatuni vinavyolia kwa furaha. Kanisani ukimuuliza mtu mtoto wake anasoma wapi, hakutajii shule. Anakwambia, "Wetu wako foniksi," halafu ananyamaza kidogo ili ikuingie vizuri. Sijui walidhani ni chanjo.

Sasa ngoja nikueleze nilivyogundua.

Nina tabia moja ambayo mume wangu huicheka: nikisoma chochote, hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa, midomo yangu hucheza bila sauti. Ni ya tangu utotoni na haitoki. Jumamosi moja mchana nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Mtoto akaja na kitabu chake, cha kuku mwekundu aliyepotea njia akaenda kulala kwa bata. Akasimama mbele yangu, akakifungua, akasoma. Alisoma vizuri ajabu, Kizungu kinatiririka tu, nami moyoni nikasema kweli fedha yetu haijaenda bure. Mara paka wa jirani akaja kunyemelea sinia langu. Nikageuka kumfukuza, na mtoto akanyamaza. Nikamrudia, akaendelea. Paka akarudi, nikageuka, mtoto akanyamaza tena.

"Mama, niangalie," akasema.

Hapo ndipo nilipoona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Kitabu kilikuwa kimenigeukia mimi. Alikishika vile mwalimu wake anavyokishika, kurasa zikielekea wasikilizaji. Mwenye kuona maandishi ni mimi. Yeye alikuwa anaona jalada, na juu ya jalada, uso wangu.

Nikakigeuza. "Haya, soma sasa."

Hakukitazama hata kidogo. Aliinua macho akayaweka mdomoni kwangu, akangoja. Nikafanya uhuni. Ukurasa ulikuwa na kuku mkubwa mwekundu, amekaa hapo na manyoya yake yote, lakini mimi nikaumba kwa midomo, bila sauti, neno la Kiingereza la mbwa. Mtoto akasoma mbwa. Nikaumba samaki, akasoma samaki, tena kwa sauti ya kupendeza, kichwa juu, akitabasamu kama anayetazamwa na kamera. Paka alikula omena siku hiyo na sikuwa na nguvu ya kumfukuza.

Niliogopa. Januari alikuwa anaingia gredi ya kwanza, na huko mtoto anapewa kitabu na kuachwa nacho. Angefika akitafuta midomo ya kutazama, asipate, akae kimya, na darasa lote lingemwita mjinga. Mimi nawajua watoto walioitwa wajinga wakiwa wadogo. Nilisoma nao. Wengine wameliitikia jina hilo mpaka leo, ukimpa karatasi ya dawa anakwambia amesahau miwani nyumbani, na miwani hajawahi kuwa nayo. Sikutaka binti yangu awe mmoja wao, na nilikuwa na muhula mmoja tu wa kulizuia.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumwona mkurugenzi. Ni mama mmoja mwenye sauti laini na manukato makali, na hakuiti kwa jina, anakuita mzazi.

"Mzazi, karibu sana! Mama wa nyota wetu!"

"Madam, huyo nyota hajui kusoma."

Akacheka vizuri tu, akaniwekea mkono begani. "Mzazi, kusoma ni kujiamini. Wako ana kujiamini. Unajua tumemchagua kusoma siku ya mahafali, mbele ya mgeni wa heshima?"

Sikujua. Nikamwambia sawa, tutalizungumza hilo, lakini kwanza naomba nikae darasani. Hakufurahi, ila mbele ya wazazi wengine waliokuwa wamekaa pale kwenye kochi hangeweza kukataa. Nikapewa kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni, nikatazama.

Mwalimu alikuwa msichana mdogo mwenye bidii, na jasho linamtoka. "Macho kwangu!" akaimba. "Macho mdomoni!" Watoto wote wakainua vichwa. Akakunja midomo, akaipanua, akatoa ulimi katikati ya meno na kuurudisha, nao wakamfuata, sauti safi kabisa, mikono hewani, viuno vikienda. Vitabu vilikuwa kwenye kikapu pembeni. Kikapu hicho kilikuwa safi kama kilichotoka dukani juzi.

Walipotoka kwenda kunywa uji nikamuuliza, "Ticha, mbona macho mdomoni tu?"

Akanieleza kwamba kwenye semina ya hotelini waliambiwa mtoto asipoangalia mdomo atatoa sauti za nyumbani. Sauti za Kijaluo, sauti za Kiluhya, zikiingia kwenye Kizungu wazazi watalalamika. Nikashangaa. Kumbe tulikuwa hatununui kusoma hata kidogo. Tulikuwa tunanunua lafudhi.

"Na kitabu wanakiangalia saa ngapi?"

Akatazama mlango kwanza. "Nikuambie ukweli, mama? Wazazi wanakuja kusikiliza. Hakuna mzazi hata mmoja amewahi kuja hapa kuangalia macho ya mtoto yako wapi."

Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kumshikia. Nikarudi kwa mkurugenzi kumwomba amtoe mtoto wangu kwenye ratiba ya mahafali. Akasema ratiba imeshachapishwa, mgeni ameshaambiwa, joho limeshapimwa. Halafu akashusha sauti. "Ama mzazi unataka kumvunja mtoto moyo?" Nikatoka pale bila kumtoa, maana nilijua nikimtoa kwa nguvu, mtoto ataona ameadhibiwa kwa jambo ambalo jana tu alipewa nyota.

Basi nikaanza mwenyewe. Kila jioni nikitoka kazini, kabla sijainjika ugali, tunakaa mezani. Siku ya kwanza ilikuwa vita. Niliposema soma, macho yakaja mdomoni. Nikageuza uso, akanifuata mpaka upande wa pili wa meza. Mwisho nikakumbuka kule chini ya droo kuna barakoa zilizobaki za wakati wa korona. Nikavaa moja. Mtoto akapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Mama toa hiyo! Sioni!"

"Huoni nini? Kitabu si hiki hapa?"

"Sioni neno!"

"Neno liko wapi?"

"Liko kwa mdomo," akasema huku analia, akinionea huruma kwa kutojua kitu rahisi hivyo.

Nilivaa barakoa ile ndani ya nyumba yangu, kwenye joto la Kisumu, wakati ambapo hata madaktari wamezitupa. Jirani alieneza habari kwamba nina kifua. Aeneze. Sauti mtoto alikuwa nazo zote, tena nzuri, hilo siwanyimi akademi. Angeweza kukutolea kila sauti ya Kizungu, moja moja, kama unavyochagua nyanya. Ila hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba zile alama nyeusi kwenye karatasi ndizo sauti zenyewe, zimepangwa foleni, zinamngoja yeye. Alidhani ni urembo wa chini ya picha.

Na ile mikono, haki! Nikimwonyesha herufi, sauti inatoka pamoja na mkono, mkono ukiruka na macho yanaruka nao, na herufi inabaki peke yake mezani. Nikamwambia mkono mmoja aukalie. Kidole cha mkono wa pili akiweke chini ya neno, kisiondoke hapo hata nyumba ikiungua. Alinichukia. Aliniambia wazi kwamba mwalimu ni mzuri kuliko mimi, na kwamba akienda kwa babake Muhoroni hatarudi. Kuna jioni nilimfokea mpaka nikajifungia bafuni nisimfokee zaidi, nikakaa juu ya ndoo nikilia na kujiuliza mimi ni nani wa kushindana na watu wa semina.

Halafu ikatokea, bila tarumbeta. Kidole kilikuwa chini ya neno la kuku. Akatoa sauti ya kwanza. Akatoa ya pili, akatoa ya tatu. Akazirudia akizisogeza karibu karibu mpaka zikagusana. "Hen," akasema polepole. Kuku. Akanitazama, si mdomoni safari hii, machoni.

"Kumbe liko hapa?"

"Liko hapo."

"Hata nikienda nje?"

"Hata ukienda nje."

Akatoka mbio mpaka uani, akarudi mbio, akafungua kitabu kwa fujo, akaangalia. Lilikuwa hapo. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikacheka naye, barakoa imelowa machozi.

Kuanzia hapo alisoma, lakini kusoma kwenyewe kulikuwa kwa kujikokota. Neno moja, pumzi. Neno lingine, kukwama, kurudi nyuma, kukuna kichwa. Ndivyo kusoma kunavyoanza, hakuna njia ya mkato. Mume wangu alipokuja Jumamosi akaomba asomewe, kama kawaida yake, simu tayari mkononi. Mtoto akainama. Mwanaume akangoja neno la kwanza, akangoja la pili, akazima simu.

"Umemfanya nini mtoto?"

"Namfundisha kusoma."

"Alikuwa anasoma! Sasa ana kigugumizi!" Akafungua video ya mwezi uliopita, akaniwekea karibu na uso. Na kweli hapo kwenye kioo palikuwa na mtoto mwingine kabisa, anameremeta, Kizungu kinamtoka. "Hii nimeonyesha watu karakana nzima. Mpaka msimamizi ameiona. Sasa niwaonyeshe nini?"

"Hapo anakariri. Anasoma midomo ya mtu, si kitabu."

"Wewe na duka lako la dawa," akasema. "Mwalimu amesomea, mkurugenzi amesomea, wewe ndiye umejua?"

Nikamwambia neno ambalo lilimchoma, na nilitaka limchome: kwamba anampenda huyo wa kwenye simu kuliko huyu aliyekaa mezani. Alikula ugali wake, na Jumapili aliondoka mapema. Si mtu mbaya mume wangu. Ni mtu anayemwona mtoto wake siku moja kwa wiki, siku zilizobaki anamwona kwenye kioo cha simu, na kwenye kioo hicho mtu hajikokoti, huonyesha kilichoiva.

Mtoto akabaki anaishi maisha mawili. Shuleni, mazoezi ya mahafali, macho mdomoni, kichwa juu. Nyumbani, kidole chini ya neno. Nilitamani kumwambia jukwaani asithubutu kumtazama mwalimu. Nilitamani pia kumwambia akariri tu, apigiwe makofi, tuende zetu nyumbani. Asubuhi ya siku yenyewe, nikimfunga nywele, nilimwambia hivi: "Leo fanya vile unavyotaka. Ukitaka kumwangalia ticha, mwangalie. Ukitaka kuangalia kitabu, angalia. Sitakukasirikia." Aliitikia tu kwa kichwa, akauliza kama kutakuwa na keki.

Kama hujawahi kuona mahafali ya chekechea, njoo Kisumu ucheke. Hema jeupe, viti vimevalishwa vitambaa na tai mgongoni, emsii wa kuendesha sherehe na dijei wa kukodiwa, na watoto wadogo wamevishwa majoho meusi ya nailoni, na vile vikofia vya bapa vyenye uzi, juani, saa za mchana, wakati hata mbuzi wamejificha. Mmoja alitapika kabla ya sala ya kufungua. Mgeni wa heshima alichelewa, na alipokuja akasoma hotuba juu ya umuhimu wa kusoma, hotuba ambayo ilikuwa dhahiri anakutana nayo kwa mara ya kwanza hapo hapo. Alipolikosea neno alilirukia linalofuata kwa sauti kubwa zaidi. Tukampigia makofi. Sisi kwa makofi hatujambo.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele kabisa, simu juu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya siku hii. Mkurugenzi akamwita nyota wa shule, dijei akapiga vigelegele vya kwenye mashine, na binti yangu akapanda jukwaani na kitabu cha kuku mwekundu. Emsii akamwekea maiki mdomoni. Chini ya jukwaa, mwalimu wake alichuchumaa mahali pa mazoezi, midomo tayari.

Mtoto akamtazama mwalimu. Kisha akanitafuta kwenye umati mpaka akaniona. Sikufanya lolote. Nilibana midomo mpaka meno yakaniuma.

Akainamisha kichwa. Kofia ikaanguka, hakuiokota. Kidole kikashuka kwenye karatasi.

"A," akasema. Kimya. "Rrr. E. D." Kimya. "Red."

"Polepole, malkia wetu!" emsii akachangamsha, watu wakacheka kidogo, cheko la kumvumilia mtoto.

"Hhh. E. N." Alivuta pumzi. "Hen."

Mwalimu pale chini akaumba midomo kwa nguvu zaidi, akapunga mkono, akagonga ubao wa jukwaa kwa vidole. Mtoto hakuinua macho. Akafika kwenye neno linalofuata, akakwama. Akatoa sauti ya kwanza, akapoteza, akarudi nyuma kwenye neno la kuku, akalianzia tena mwendo kama mtu anayeruka mtaro. Nilisimama. Mtu anayekariri hakwami pale. Kwenye ile sala yao ya kukariri neno hilo lilikuwa linapita kama maji. Mtoto wangu alikuwa amekwama kwa sababu alikuwa anasoma, mbele ya hema zima, na kati ya watu wote wale waliolipa foniksi sikuona mtu aliyejua anachokiona. Mama mmoja karibu nami akasema, "Maskini, amesahau." Mwingine akasema, "Ameogopa watu."

"Jamani, nyota wetu ameona umati mkubwa!" emsii akapaza sauti, akiiondoa maiki. "Makofi kwake, makofi! Dijei, tupe kitu!"

Muziki ukapasuka. Mkurugenzi akapiga makofi kwa ncha za vidole huku anatabasamu kwa meno tu. Emsii akamshika mtoto bega akamteremsha kwenye ngazi, naye akashuka bila kutazama anapokanyaga, kidole bado ndani ya kitabu, mahali pale pale. Nilipomfikia, mkurugenzi alikuwa ameshafika.

"Pole sana, mzazi," akaniambia sikioni, manukato yakinipanda kichwani. "Ni woga tu. Lakini anajua kusoma huyu."

"Madam, leo ndiyo amesoma."

Akanipapasa mkono kama unavyompapasa mfiwa, akaenda kwa mgeni. Niliitazama ile midomo yake iliyopakwa rangi, nikaona kumweleza ni kupoteza mate.

Mtoto alikuwa amekwea kiti cha plastiki nyuma ya spika, pale kelele zilipozidi, joho limemkunjamana mgongoni. Alikuwa anaendelea. Sikuweza kumsikia hata nilipomsogezea sikio, muziki ulikuwa unatikisa hata kiti, lakini kidole kilikuwa kinatembea. Keki ilikatwa, wenzake wakakimbia kupanga foleni, akawaangalia mara moja, akarudi kwenye karatasi. Alipofika chini ya ukurasa akakifunga kitabu, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Mama, mbona hawakungoja?"

Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. "Hawajui kusoma," nikamwambia.

"Wote?"

"Wote."

Akafikiri. "Hata baba?"

Babake alikuwa amesimama hapo hapo nyuma yangu, simu mkononi, imezimwa. Baadaye niliiona ile video yake. Inaishia pale kofia ilipoanguka. Nilimgeukia nikangoja ajitetee, nilikuwa na majibu tele. Aliniangalia, akamwangalia mtoto, akapiga magoti kwenye nyasi na suruali yake nzuri ya mahafali.

Mtoto akamtazama kwa huruma. Akafungua kitabu tena mwanzo, akakilaza juu ya mapaja yake, akavuta pumzi. Babake akawa anamtazama usoni, kama alivyozoea kwenye kioo. Mtoto akamshika kidevu kwa vidole vyake vidogo, akakiinamisha mpaka kwenye karatasi.

"Usiniangalie mimi, baba," akasema. "Angalia hapa."